Mali Bila Daftari: Neno kwa Akina Mama wa Makobola

Ukitoka Uvira kwenda kusini kwa barabara ya taifa namba 5, ziwa likiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, unafika Makobola kabla ya Swima na Mboko. Katika pwani hiyo yote, tangu alfajiri mitumbwi inaporudi, biashara iko mikononi mwa wanawake. Mama ndiye anayenunua ndagala ufukweni, anayeanika, anayepakia kwenye pikipiki na kuuza sokoni. Siku mbalamwezi inapong'aa na wavuvi wakabaki nyumbani, ndiye anayegeukia mawese, mihogo na sombe ili chungu kisilale kitupu. Lakini uliza mtumbwi ni wa nani, kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, nani yumo katika kamati ya mwalo, nani aliketi siku ushuru wa soko ulipopangwa. Hapo majina yanabadilika. Kazi ni ya mama, jina ni la mwingine. Hoja yangu kwa akina mama wa Makobola na pwani yote ya Tanganyika ni hii: kinachowakwamisha si uvivu, wala woga, wala hata uhaba wa mtaji kama inavyosemwa kila siku. Kinachowakwamisha ni kwamba kazi yao haijaandikwa. Anayetaka biashara ikue, na sauti yake isikike kijijini, ajenge kwa mpangilio huu: kwanza daftari, kisha sanduku, kisha karatasi, ndipo kiti. Anayeruka hatua hurudi nyuma.

Tuanze na daftari, kwa maana wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua hesabu ya kawaida ya mchuuzi wa ndagala. Tuseme amenunua beseni kwa faranga 60,000, akauza kwa 85,000. Anarudi nyumbani akijua amepata 25,000. Lakini motari amechukua 8,000, ushuru wa soko 2,000, na viganja vya matabishi alivyowaongezea wateja ni thamani ya 3,000. Jirani amechukua ndagala za 3,000 kwa deni, na deni hilo halikuandikwa popote. Kilichobaki ni 9,000, na humo bado hajahesabu siku mbili za jasho lake. Jioni anatoa 12,000 kulipia dawa ya mtoto, akiamini ametumia faida, kumbe ameuma mtaji. Baada ya miezi mitatu beseni limekuwa nusu beseni, na watu wanasema mama huyu ana mkosi. Hana mkosi, hana daftari. Basi ushauri wa kwanza ni kuandika kila siku mambo manne tu: kilichotoka, kilichoingia, anayedaiwa, na kilichochukuliwa kwa ajili ya nyumba. Jilipe ujira mdogo unaojulikana, na mfuko wa biashara usichanganywe na mfuko wa jikoni. Asiyejua kusoma apige mistari, achore samaki na pikipiki, au amwite mwanawe aliye shuleni amwandikie kila jioni. Hesabu haingoji cheti.

Daftari lina kazi ya pili kubwa kuliko ya kwanza: linaonyesha faida inavujia wapi. Kwa wachuuzi wengi wa ziwa hili tundu liko katika uanikaji. Ndagala zinazotandazwa mchangani hubeba mchanga, huliwa na kuku na ndege, na mvua moja ya Machi huziozesha zote. Jirani zetu wa Burundi wametupa ushahidi ulio karibu sana. Mwaka 2004, katika miji midogo ya uvuvi ya Mvugo na Muguruka, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kuwafundisha watu kuanika ndagala juu ya chanja za nyavu zilizoinuliwa kutoka ardhini. Kilo ya ndagala kavu iliyouzwa faranga za Burundi 4,000 mwaka ule ilifikia 9,000 mwaka 2013. Mfumuko wa bei nao una sehemu yake katika ongezeko hilo, lakini samaki wa chanja ni safi, hukauka upesi, hukaa muda mrefu, na mnunuzi wa mbali humkubali. Ziwa ni lile lile, na samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni miti na wavu. Tazama pia wakulima wa mwani wa Zanzibar, wengi wao wanawake, ambao tangu mwisho wa miaka ya 1980 wamekuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ndogo inayopangwa na wengine. Wale waliojifunza kuusaga na kutengeneza sabuni walianza kupanga bei wao wenyewe. Mwanamke wa Makobola asikimbilie kuongeza idadi ya mabeseni kabla hajaongeza thamani ya beseni moja.

Lakini chanja inataka fedha, na hapo ndipo tunapofika kwenye sanduku. Akina mama wanaifahamu likelemba: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Ni kitu kizuri kilichodumu kwa sababu kinajengwa juu ya kuaminiana, lakini kina mipaka miwili. Anayepokea wa mwisho amewakopesha wenzake wote bila faida, na anayepatwa na msiba kabla ya zamu yake hana pa kukimbilia. Kikundi cha akiba na mikopo cha kijiji, kile kinachoitwa AVEC huku kwetu, kiliziba mianya hiyo. Mfumo huo ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, na leo umeenea Afrika nzima. Wanachama kati ya 15 na 30 wanaochaguana wenyewe hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, kwa bei waliyokubaliana. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Hukopeshana kwa riba ndogo, hutenga mfuko wa dharura kwa msiba na ugonjwa, na mwisho wa mwaka hugawana kila kitu kulingana na hisa.

Pigeni hesabu. Kikundi cha wanawake 25, kila mmoja akinunua hisa mbili za faranga 2,000 kwa juma, hukusanya 100,000 kila mkutano. Kwa majuma 40 ni 4,000,000, bila kuhesabu riba, na riba hiyo huwarudia wao wenyewe. Huo ni mtaji uliotoka katika vibeseni vya Makobola, bila mfadhili. Ninasema hivi kwa sababu wako wanaongoja shirika lije. Msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone ni kweli kwa ukarimu, lakini mradi wa mgeni huwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Fedha inayotua mahali pasipo na daftari wala sanduku huliwa kabla vumbi la gari la mgeni halijatulia. Kikundi chenye mahesabu ya mwaka mmoja kikijadiliana na shirika au benki, hujadiliana kikiwa kimesimama. Tena pangeni mzunguko wenu kwa kalenda ya ziwa na ya shule. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaane, na nchi nne za ziwa hili, Kongo ikiwamo, zimefungwa na mkataba mmoja uliotiwa sahihi mwaka 2003. Pumziko la ziwa ni jambo la kujiandalia. Sanduku likifunguliwa mwezi wa Agosti, litakuta nyumba iliyokauka na karo zinazogonga mlango mwezi wa Septemba.

Hapa huja pingamizi lililo zito kuliko yote: kuna faida gani kujenga mahali ambapo vita hubomoa? Pingamizi hili halijibiwi kwa maneno matamu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya uhalifu uliotendwa nchini Kongo inasema watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani katika siku chache, mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999. Aprili 2020 mafuriko yalizoa mitaa ya Uvira. Februari 2025 Bukavu ilitekwa, benki zikafunga milango, na watu wenye akiba wakakosa hata faranga ya unga. Desemba ya mwaka huo vita vikaingia Uvira yenyewe. Yuko anayesema chombo cha kuzama hakina usukani. Mimi ninasema kwamba usukani huhitajika zaidi pale dhoruba ilipozoeleka. Mambo ya Bukavu yalionyesha kwamba hata benki yenye walinzi inaweza kufungwa; hivyo jibu si kuacha kuweka akiba, ni kuiweka kwa namna inayoweza kukimbia pamoja na watu. Fedha isilale sandukuni: ikusanywe asubuhi na ikopeshwe siku hiyo hiyo, ili mwizi au mwenye bunduki akute sanduku jepesi. Kila mwanachama awe na kitabu chake, na daftari kuu liwe na nakala kwa watu watatu wanaokaa sehemu tofauti. Kila baada ya mkutano, ukurasa upigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mbali. Sehemu ya mali ikae katika simu, sehemu katika madumu ya mawese, sehemu katika chanja na nyavu. Vita vinaweza kuchukua sanduku, lakini ni vigumu vichukue hesabu iliyoandikwa mahali patatu. Watu wakirudi au wakikutana ukimbizini, kikundi huanza tena palipoishia, kwa sababu kila mmoja anajua anamdai nani na anadaiwa nini.

Hatua ya tatu ni karatasi, na hapa wengi huchoka kwa sababu ofisi ziko mbali na maneno yake ni ya Kifaransa. Msichoke. Tangu Kongo iingie katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA mwaka 2012, watu watano tu wanaweza kuunda ushirika mdogo unaotambulika kisheria. Kikundi kilichokaa mwaka mmoja au miwili na mahesabu safi kisiogope kujisajili. Ushirika wenye jina unaweza kumiliki kiwanja cha kuanikia, kufungua akaunti, kununua mtumbwi na kushitaki anayedhulumu. Chanja iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu asiyeandikiana nanyi ni chanja yake, siku yoyote atakayoamka vibaya. Karatasi ya pili ni ndoa. Mama aliyetolewa mahari, akafanyiwa sherehe, lakini ndoa yake haikuandikwa katika ofisi ya serikali, hujikuta mikono mitupu msiba unapomalizika na ndugu wa mume wanapoanza kugawana. Sheria ya familia ya Kongo inawapa watoto wa marehemu, wa kike sawa na wa kiume, robo tatu ya urithi. Inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa na vyombo vyake, pamoja na nusu ya matumizi ya ardhi iliyo kando ya nyumba ambayo marehemu aliilima mwenyewe. Lakini haki hiyo hudaiwa kwa karatasi: ya ndoa, ya kuzaliwa kwa watoto, ya ununuzi wa kiwanja. Karatasi hizo ziwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki, mfuko unaoshikwa kwanza mtu anapokimbia.

Litasemwa kwamba mume hatakubali. Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilikuwa upande wa pingamizi hili, kwa kuwa kanuni ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kuingia mkataba unaomfunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Marekebisho ya Julai 2016 yalifuta ruhusa hiyo na kuweka makubaliano: mke na mume wapatane, na sharti hilo linamfunga mume vile vile. Tofauti si ndogo. Anayeomba ruhusa husimama mlangoni. Anayepatana ameketi mezani. Hata hivyo sheria haiingii chumbani, na mwanamke anayekopa kwa siri hujijengea ugomvi. Ushauri wangu ni kulitumia daftari kama shahidi. Mume anayeona kwa maandishi kwamba karo ya Septemba ilitoka kwenye hisa, na kwamba dawa ya mwezi uliopita ilitoka kwenye mfuko wa dharura, ana sababu ya kuunga mkono ambayo hotuba haimpi. Vikundi vingine hualika waume siku ya mgawo, wahesabu pamoja mbele ya macho yao, na si vibaya kuiga. Lakini pakiwa na kipigo au tishio, jambo la kwanza si biashara. Ni usalama wa mama. Hapo kikundi kiwe mlango wa kukimbilia: mwenyekiti amsindikize kituo cha afya, na mfuko wa dharura ufunguliwe bila maswali mengi.

Sasa tuje kwenye kiti. Mwanamke mwenye daftari, sanduku na karatasi amekwisha jifunza uongozi bila kuuita kwa jina hilo: ameendesha mkutano, ametunza fedha za watu, ameamua kesi ya deni bila kuvunja urafiki. Asiyekuwepo na lake halipo. Mahali zinapopangwa bei, ushuru na siku za soko, mwanamke asipokuwepo, lake halipo. Asianze na ubunge. Aanze na kamati ya mwalo, kamati ya soko, kamati ya wazazi shuleni, kamati ya afya ya kituo, kamati ya maji. Hivyo ndivyo viti vinavyogusa maisha ya kila siku, na mtu aliyefanya kazi nzuri hapo huwa na watu wanaomshuhudia anapotaka kikubwa. Mlango wa juu nao umelegezwa: sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2022 inaiondolea dhamana ya fedha orodha ya chama yenye nusu ya wagombea wanawake, na mwaka 2024 nchi ilipata Waziri Mkuu wa kwanza mwanamke, Judith Suminwa Tuluka. Lakini mlango ukifunguliwa pasipo na watu waliojiandaa, wanaoingia ni wake na mabinti wa wakubwa wa chama.

Na kwa anayesema mila zetu haziruhusu, jibu liko katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini. Usultani wa Luhwindja, kule Mwenga, uliongozwa kwa miaka na mwamikazi Espérance Baharanyi, na mila haikuvunjika. Liko jibu lingine hapa hapa katika teritwari yetu ya Fizi. Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi Baraka ilimhukumu luteni kanali wa jeshi kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu uliotendwa na askari wake siku ya mwaka mpya mjini Fizi. Kesi hiyo ilisimama juu ya ushahidi wa wanawake, makumi yao, waliokubali kusema mbele ya majaji huku aibu yote ikiwaelemea. Kama sauti za wanawake wa Fizi zilipata uzito kortini mbele ya cheo cha jeshi, hakuna kamati ya soko iliyo ngumu kuliko hapo.

Yapo makosa mawili yanayoua vikundi, nayo yasemwe wazi. La kwanza ni mama mmoja kukigeuza kikundi kuwa duka lake. Uongozi uzunguke kila mwaka, mshika daftari asiwe mshika ufunguo, na hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano hata kama kila mtu anadhani anaijua. La pili ni kukijenga kikundi juu ya kabila. Pwani hii ni ya Wabembe, Wavira, Wafuliiru, Wabwari, Wanyamulenge na Watwa, na waliopanda mbegu za chuki wamekula kwa migongo ya wote. Watwa, wenye asili ya misitu ya milima hii, ndio wanaosahauliwa kwanza. Sheria namba 22/030 ya Julai 15, 2022 inalinda haki zao kama watu asilia, lakini sheria haiwezi kumpa mama wa Kitwa nafasi katika sanduku. Wenzake ndio wanaoweza. Bei ya hisa ya chini iwe ndogo kiasi kwamba mfinyanzi wa vyungu aimudu, na akishaingia apewe ufunguo kwa zamu kama mwingine yeyote. Soko linalouza vyungu, mawese na ndagala pamoja haligawanyiki kwa urahisi, na mtu unayemdai au anayekudai kwa haki ni vigumu kumtazama kama adui.

Basi, mama wa Makobola, usingoje semina. Juma hili nunua daftari, liandike jina lako kwenye jalada, na uandike ulichonunua na ulichouza. Mwezi huu zungumza na wenzako wanne unaowaamini, kisha kila mmoja alete wengine. Mwaka huu andikisheni ndoa na watoto. Kikundi kikishatimiza mwaka na hesabu zake zikiwa safi, peleka jina lako kwenye kamati ya mwalo, nawe ukalitetee kwa kurasa za daftari hilo. Kazi umekwisha ifanya miaka yote. Sasa iandike kwa jina lako.